Uzito Mmoja na Mume Wangu

Mwaka ule tulikula nyama ya ng'ombe waliokufa wamesimama. Hiyo ndiyo tarehe yangu. Waliosoma wanasema ulikuwa mwaka wa elfu mbili na mimi siwabishii, lakini miaka yangu naihesabu kwa kilichokuwa ndani ya sufuria. Nyuma kidogo, baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara, tulikunywa maziwa mpaka mbwa wakageuza uso. Halafu nyasi zikakauka, ng'ombe wakaanza kuanguka mmoja mmoja, na sisi tukawafuata nyuma na visu. Nyama ile haikuwa na mafuta hata ya kupaka kidole. Ukiichemsha inatoa maji ya kijivu na harufu ya ngozi iliyolowa. Hata hiyo ikaisha. Tukaingia mahindi ya manjano ya msaada, yale yanayochemka nusu siku na bado yanakwaruza koo.

Na mimi mwaka huo nilikuwa mnene. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Nilipungua, ndiyo. Mshipi niliuvuta ndani, na ngozi ya mikono ikaanza kuning'inia kama begi lisilo na kitu. Lakini ukinitazama kwa mbali, nikitembea na debe la maji, ungesema huyu mama ana ghala mahali. Mume wangu alikuwa amebaki mifupa na masikio. Tukitembea pamoja tulionekana kama mtu na fimbo yake.

Zamani haikuwa hivyo, na niko na mashahidi wengi.

Mume wangu alikuwa mtu wa mifugo. Alinunua, akauza, akachinja. Siku za mnada nilikuwa naenda naye Kajiado kuuza maziwa na ushanga kando ya uzio. Miaka ya tisini katikati, malisho yakiwa mazuri, waliweka pale mizani ya ng'ombe, ile ya mabomba, mnyama anaingia upande huu na kutokea upande ule. Siku moja biashara ilikuwa imelala, na kaka yake mume wangu, dalali wa pale mnadani, mdomo wake kama filimbi, akaniona nimesimama.

"Shemeji," akaniita, "ingia hapo tujue ndugu yangu alilipia mtamba wa kilo ngapi."

Watu wakacheka. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa, na mimi wakati huo nilikuwa na wajukuu.

"Kapime mkeo kwanza," nikamwambia, "kama mizani itamwona."

Wakacheka zaidi, kwa sababu mke wake alikuwa mwembamba kama ufito. Mume wangu akasogea kwenye mabomba. Akavua viatu, akaingia mwenyewe, mrefu hivyo, mabega kama mlango, akasimama wima kama fahali anayeuzwa. Kijana wa mizani akasoma kwa sauti. Halafu nikaingia mimi, mfupi, mviringo. Kijana akainama, akatazama, akapangusa kioo, akatazama tena.

"Sawa!" akapiga kelele. "Mzee na mama ni kilo sawa!"

Mnada mzima ukaja kuona. Shemeji yangu akasema mizani imeharibika. Mume wangu akanishika mkono nikitoka pale kwenye mabomba, jambo ambalo wanaume wetu hawafanyi mbele za watu, akasema, "Vizuri. Hakuna atakayelalamika kumbeba mwenzake."

Njiani kurudi nilimuuliza inawezekanaje, yeye mrefu vile na mimi nafika kifuani kwake. Akasema ni jambo la kawaida. Fahali na mtamba wa kilo sawa ukiwachinja, hupati nyama moja. Fahali ni misuli na mifupa. Mtamba ana mafuta chini ya ngozi, kwenye figo, kwenye matumbo, hata pale ambapo hukuyatafuta. "Mungu aliwapa nyinyi akiba," akasema, "kwa sababu nyinyi ndio mnazaa." Akaendelea na habari ya bei. Sikuyaweka maneno yale mahali popote maalumu. Nilidhani nitaishi naye na nitayasikia tena.

Basi ukame ukaja. Tulikuwa tunakula sufuria moja, mimi, yeye, na mjukuu wetu wa kike ambaye binti yangu alituachia akienda kufanya kazi ya kiwanda kule Kitengela. Kwetu mwanamke ndiye anagawa. Kibuyu cha maziwa cha mume ni cha mume, mwingine hakitii mdomo, na mke anayekigusa anajulikana mpaka kijiji cha saba. Nilimgawia yeye kwanza, kila siku. Kwanza alikula. Baadaye alikula kidogo akasema mahindi yameiva vibaya. Baadaye akawa anatafuna sana, anashika koo, anateremsha kwa maji. Nikamwambia twende hospitali. Akasema, "Ni mahindi haya. Njaa ikipita, koo litafunguka." Mwanaume wa Kimaasai kusema hawezi kumeza nyama, afadhali aseme hawezi kuoga. Aliniambia nisiwaambie ndugu zake, na sikuwaambia.

Bakuli lake akawa analisukuma kwa mjukuu. Hiyo kwetu ni baraka, masalio ya babu yakiliwa na mtoto. Mtoto alikuwa na njaa, alikula. Mimi nilitazama bakuli likitoka kwake na kwenda kwa mtoto, na ninaapa kwa yule aliyeniumba, nililala nikiota bakuli lile. Tumbo langu lilikuwa linapiga kelele mpaka naona haya. Usifikiri mnene haoni njaa. Nilitafuna kamba ya ngozi. Nilinyonya mawe ya chumvi ya mbuzi. Na bado asubuhi mapaja yangu yalikuwa hapo, mazito, yananifuata kama wageni wasiojua kuaga.

Alipofika hospitali Kajiado, daktari alisema ni uvimbe wa koo na kwamba tumechelewa. Alikufa mvua zikiwa bado hazijafika. Tulimzika nyuma ya boma, karibu na ule mti wa miiba alikokuwa anafungia ndama, na nilihesabu kwa macho pale kando yake nikaona nafasi yangu inatosha. Hata kwa upana wangu.

Baada ya maziko wanaume waliniita. Walikaa kwenye vigoda, mimi nikakaa chini nimenyoosha miguu. Shemeji yangu dalali ndiye alisema. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Mke wa ndugu yangu," akasema, "sisi ni watu wa ng'ombe. Wakati wa kiangazi ng'ombe mmoja akiwa mnono na wenzake wamekonda, hatumuulizi maneno mengi. Tunamuuliza mchungaji, huyu alilishwa wapi. Sasa nakuuliza wewe. Ndugu yangu amekufa mkavu kama kuni. Wewe uko hivyo ulivyo. Malisho yako yako wapi?"

Nikamwambia kuhusu koo.

"Koo gani? Mtu aliyekufa njaa si lazima koo likauke?"

Nilitazama wale wanaume. Wote macho yao yalikuwa kwenye mikono yangu, kwenye mashavu, kwenye shingo. Walikuwa wananipima vile wanavyopima mnyama, kwa jicho, bila mizani. Hilo jicho halijawahi kuwadanganya mnadani. Ng'ombe mnono amekula, basi. Na sitasema walikuwa wabaya. Mwaka ule mwanaume akikonda hivyo, watu walinong'ona jina la ule ugonjwa mwingine, na ndugu zake waliona afadhali lawama iangukie sufuria yangu kuliko iangukie damu yao.

Wakatoa hukumu. Nilete kondoo jike mwenye mkia wa mafuta, nipige magoti, niseme nilikula chakula cha mume wangu. Watamchinja, watanipaka mafuta yake kichwani, na neno litakuwa limekufa. Kondoo mnono, mwaka ule! Labda walitaka nikate mkia wangu mwenyewe.

Ningeweza kuwaambia bakuli lilikwenda kwa nani. Mjukuu alikuwa amekaa mlangoni, miguu yake kama vijiti, anatusikiliza. Mtoto akishaambiwa kwamba alikula chakula cha marehemu, atakitapika maisha yake yote. Kwa hiyo sikumtaja. Na kusema nilikula mimi, ili wazee waende nyumbani mapema, hilo pia halikunitoka mdomoni.

Nikawaambia, "Sikula chakula cha mume wangu. Kondoo sitoi."

Hakuna aliyenifukuza. Watu wengi wakisikia habari hii wanafikiri nilifukuzwa kwa fimbo. La. Nilikaa pale pale katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, kwa fito na udongo na samadi. Ila wanawake wakienda maji hawakuniita tena. Mke wa shemeji akikosa moto, alikuwa anapita mlango wangu akaenda kuomba nyumba ya mbali. Nikipika, watoto walitumwa kuchungulia sufuria kisha wakimbie kusema walichoona. Uji. Kila siku waliona uji, na hakuna aliyerudi kusema, kumbe ni uji. Mvua ikanyesha, nyasi zikatoka, wanawake wote wakaanza kunenepa, na kunenepa kwao kulikuwa sherehe. Kwangu kulikuwa ushahidi.

Nilikaa hivyo mpaka ndama wa mvua ile walipoachishwa maziwa. Halafu nikamshika mjukuu mkono tukaenda Kitengela kwa mama yake.

Kitengela wakati huo ilikuwa inaota kama uyoga. Leo uwanja wa swala, kesho nyumba za mawe. Binti yangu alinipangia chumba karibu na chake, katika ploti ya milango mingi. Majirani walikuwa watu wa mshahara, wengi kutoka magharibi. Asubuhi kulikuwa na kelele za ndoo na redio, halafu wote wanaondoka kwa pamoja, na ploti inabaki mimi na kamba za nguo. Binti yangu alitoka na giza akarudi na giza. Mjukuu alipelekwa shule ya bweni. Mimi nilikuwa nimezoea ng'ombe wanaokohoa nyuma ya ukuta. Pale nyuma ya ukuta kulikuwa na ukuta mwingine.

Nilipika. Mkono wangu haukujua kupika kidogo, ulikuwa umezoea kugawa. Naweka maji ya ugali wa watu watatu, nakumbuka, na unga tayari umeingia. Kutupa chakula sijawahi. Kwa hiyo nilikula wangu, na baadaye nikala ule mwingine, mlango ukiwa wazi ili nione kama kuna mtu atapita. Nilirudi kwenye unene wangu wote na zaidi kidogo.

Jirani mmoja, mwalimu kutoka Kakamega, Jumapili akitoka kanisani alikuwa anasimama mlangoni kwangu, akinitazama kwa raha.

"Mama, huo mwili! Kwetu mwanamke akiwa hivi, watu wanamsifu mume wake. Wanasema, huyo bwana analisha."

"Bwana alikufa," nikamwambia.

"Pole, mama. Basi bado anakulisha."

Hakuwa na nia mbaya. Niliingia ndani nikafunga mlango mchana kweupe. Kule bomani, mwili wangu ulikuwa unamshtaki mtu. Huku unamsifu mtu. Hakuna mahali ulikuwa mwili wangu tu.

Miaka ikaenda. Mjukuu akamaliza shule, akaingia chuo cha uuguzi Nairobi. Najivuna, na nani atanizuia? Katika ukoo ule wote, wa kwanza kuvaa nguo nyeupe za hospitali ni yule aliyekuwa na miguu kama vijiti. Likizo moja akaja, akakaa chini kwenye mkeka wangu tukamenya viazi. Ananiita koko, yaani nyanya kwa lugha yetu.

"Koko," akasema, "chuoni wametufundisha kitu, nikakufikiria wewe darasani mpaka mwalimu akaniuliza nacheka nini."

"Ulikuwa unanicheka?"

"Sikuwa nacheka. Nilikuwa karibu kulia, nikaficha." Akaweka kiazi chini. "Unajua mafuta ya mwili hayalali tu kama mzigo. Yanatoa kitu kinaingia kwenye damu. Kinaitwa leptini. Kinaenda kichwani kusema, akiba ipo, tulia, usitafute chakula."

"Kama mjumbe wa chifu."

"Hivyo hivyo. Mafuta yakiwa mengi, mjumbe ana sauti. Sasa sikia. Ukichukua mwanamke na mwanaume wa kilo sawa, mwanamke ndiye ana leptini nyingi."

Nikacheka. "Kilo sawa? Nani amekuambia habari ya mizani?"

"Mizani gani?"

Alikuwa hajui. Nikamsimulia mnada, mabomba, fahali na mtamba. Akaweka mkono mdomoni. "Babu alisema hivyo? Koko, ndiyo hiyo! Kilo za mwanaume nyingi ni misuli. Za mwanamke, sehemu kubwa ni mafuta, na yako chini ya ngozi, mapajani, makalioni. Lakini hata ukitafuta wawili wenye mafuta sawa, bado leptini ya mwanamke inakuwa juu. Homoni za kiume zinaishusha. Sababu zote hawajamaliza kujua."

Nilimenya kidogo. Halafu nikauliza lile swali ambalo nilikuwa nimelikalia miaka yote. "Kama huyo mjumbe wangu alikuwa na sauti kubwa hivyo, anasema akiba ipo, mbona nililala na njaa? Au nilikuwa mlafi tu?"

"Hapana, koko. Chakula kikikatika, leptini inaanguka haraka kuliko mafuta yenyewe. Siku chache tu. Na kwa wanawake inaanguka zaidi. Mafuta bado yapo, kila mtu anayaona, lakini mjumbe amenyamaza. Kichwa kinasema ghala ni tupu. Kinakupigia kelele ule, na kinauambia mwili ushikilie kila tone."

"Yaani mtu mnene anaweza kuwa na njaa ya kweli."

"Ya kweli kabisa. Na babu alikonda haraka kwa sababu alikuwa mgonjwa, na hakuwa na akiba ya kushikilia."

Sikulia. Niliendelea na kile kiazi mpaka kikabaki kama jicho la mbuzi, mjukuu akaninyang'anya kisu. Miaka minane hivi nilikuwa nimejua kwamba sikula, lakini kulikuwa na usiku nilijitazama mapaja nikajiuliza mwenyewe, mbele ya Mungu, malisho yako yalikuwa wapi. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Sasa nilikuwa na jibu, na yule ambaye ningependa kumwamsha nimwambie alikuwa chini ya mti wa miiba.

Mjukuu hakuniuliza. Alienda Kajiado peke yake, kwa shemeji yangu, akamweleza yote, mjumbe na ghala na misuli. Alisema mzee alisikiliza hadi mwisho. Halafu wakaja wote wawili, Jumamosi, asubuhi.

Alikuwa amezeeka. Yeye naye alikuwa amekonda sasa, shuka inamzunguka mara mbili. Alinisalimu, "Takwenya," na mimi nikamjibu, "Iko," kama inavyopasa, nikampa kiti na chai ya maziwa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma, na niliona ana pua ya mume wangu, ile ile.

"Mtoto ameniambia," akasema. "Hii maneno ya damu sikuielewa yote. Lakini habari ya mtamba naijua. Nimechinja wengi."

"Ulikuwa unaijua hata siku ile."

Akanywa chai. "Shemeji, mimi sina miaka mingi. Nyumba yako imeanguka, tutakujengea nyingine. Pale kando ya ndugu yangu hatujaweka mtu, na nikifa kabla hatujapatana, vijana wataweka yeyote. Rudi nyumbani. Wanawake wanakuulizia."

Sijui kama unajua maana ya neno hilo, wanawake wanakuulizia, kwa mtu ambaye ameongea na kamba za nguo miaka minane. Nilisikia maji yakimiminwa kutoka kibuyu. Nilisikia mtu akisimama mlangoni kwangu akisema, mama, niko bila moto, nipe kidogo.

"Wazee wanataka kitu kidogo tu," akaendelea, na hakunitazama. "Kondoo. Hata mimi nitakupa huyo kondoo, kutoka kwa zizi langu. Wewe piga goti, sema lile neno, tukupake mafuta. Neno ni pumzi tu. Likitoka limeisha."

"Lile neno la kwamba nilikula."

"Lile lile. Hukumu ya wazee haiwezi kurudi mikono mitupu, shemeji. Unajua."

Ninajua. Ninajua pia kwamba pumzi hiyo ikitoka, mume wangu atakuwa mwanaume aliyeuawa na sufuria ya mkewe, na watoto wa watoto wangu watatajiwa hilo kila kiangazi, ng'ombe wakianza kuanguka.

Mjukuu alikuwa amekaa kati yetu na nguo zake safi. Niliona kifua chake kinapanda. "Babu," akamwambia, "lile bakuli la marehemu, aliyekuwa anakula ni..."

Kumbe alikuwa anakumbuka. Alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake muda wote huo, shule ya bweni, chuo, darasani alikoficha machozi. Nikaweka mkono wangu juu ya goti lake, mzito kama ulivyo, nikaukandamiza mpaka akanyamaza. Shemeji aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Aliutazama mkono wangu, akalitazama goti la mtoto, na nadhani alielewa, kwa sababu kikombe alikiweka chini polepole. Lakini hakusema basi, acha kondoo. Alisubiri. Nje majirani walikuwa wanafua, wanaitana kwa lugha yao, na mimi niliona ile nafasi chini ya mti wa miiba, upana wake wote.

Nikamwambia, "Sikula chakula cha mume wangu. Kondoo sitoi."